Bunduki Isiyoogopa Vumbi

Mjukuu wangu Kulwa,

Shikamoo yako imefika hapa Urambo, marahaba. Pacha wako Doto amejifungua salama, na tumbaku imekauka vizuri.

Unauliza kwa nini kikosi chenu maalumu kinang'ang'ania bunduki zilezile za zamani wakati mpya zipo. Bibi yako anajua. Nilipokuwa mgambo, tulishindana kulenga shabaha kule Puge, kiangazi kikali. Wanaume walichukua bunduki mpya, wakazimiminia mafuta kama minyororo ya baiskeli. Mimi niliachiwa kuukuu, nikaifuta kwa kipande cha kanga mpaka ikabaki kavu. Wakanicheka.

Kisha tukatambaa mchangani. Vumbi likanasa kwenye mafuta, bunduki zao zikakwama moja baada ya nyingine. Yangu ililia mara tano, na risasi zote tano zikaingia katikati.

"Binti, umeifanyaje?" afande akauliza.

"Ninaijua, afande. Nayo imelizoea vumbi letu."

Wenzako hawatafuti ya kupendeza gwarideni. Wanataka itakayolia ikitoka mchangani, ambayo mikono yao inaijua hata gizani.

Kombe langu la ushindi bado liko kabatini. Babu yako, ambaye bunduki yake ilitangulia kukwama siku ile, ndiye anayelifuta vumbi kila Jumamosi.

Bibi yako