Weris Ameondoka Kwenye Kundi

Jumanne, 9 Septemba 2025

Simu imejaa. Si mara ya kwanza, lakini leo imeniaibisha. Mursal, msimamizi wetu wa chanjo ya mbuzi, alituita ofisini tuweke app ya kuandikia mifugo. Kwa wote iliingia. Kwangu — "Nafasi haitoshi." Akaniambia mbele ya watu, "Weris, simu ikikataa mpaka Ijumaa, usikuje Jumatatu. Kuna wengine wanangoja hii kazi."

Jumatatu gari linakwenda Masalani. Kazi ya miezi sita! Tangu nimalize diploma ya afya ya mifugo ni miaka miwili nauza mitandio sokoni. Siachi.

Naandika Kiswahili maana Hooyo, mama yangu, hakisomi, na Adeer Kulow, kaka mkubwa wa marehemu baba, anakiona lugha ya sokoni tu. Hapa niko salama.

Jumatano, 10 Septemba

Usafi. Dira za kibla tatu — tatu! kana kwamba nyumba yetu inahama kila swala. Imebaki moja. App ya tochi, na simu yenyewe ina tochi. App ya kulainisha uso: kwaheri, nitabaki na huu huu. Masomo ya fomu foo, toka. Gemu mbili za mdogo wangu Hanad, alizozificha kwenye folda ya mawaidha. Amenuna. Anune.

Giga moja kasoro. App inataka mbili.

Nikatafuta nini kinakula zilizobaki. Kundi la ukoo! Reer Abdiwahid, watu mia mbili na kumi na wawili, Adeer Kulow ndiye admin. Giga kumi na nne. Harusi, hotuba, ngamia wa Adeer wakinywa maji dakika kumi na moja. Ningekuwa nimeshazuia video zisiingie, lakini kila jioni Hooyo huketi na simu yangu azitazame moja moja, hata za ngamia. Ndiyo redio yake.

Nimefuta chache, zile alizokwisha kutazama. Kufikia magharibi zimeingia nyingine thelathini na nane.

Alhamisi, 11 Septemba

Adeer ametuma sauti kundini. Alhamdulillahi simu nilikuwa nayo mimi. Amesikia habari za Masalani. Hakunitaja jina, lakini nani hajui?

"Nyumba isiyo na mwanaume, wasichana hulala popote gari linapolala."

Na watu kumi na saba wakamwekea dole gumba.

Nyumba isiyo na mwanaume! Huyo mwanaume alikuwa ndugu yake. Nimeifuta kabla Hooyo hajaomba simu. Kisha nikabonyeza: ondoka kwenye kundi. Nikafuta kila kitu, giga zote. App ikaingia kwa dakika tatu.

Nimetoka kwa sababu ya nafasi. Nusu. Nusu nyingine ni hasira, na siionei haya.

Ijumaa, 12 Septemba

Mursal ametazama simu, akaandika tiki. Basi, niko ndani.

Lakini nyumbani! Miaka sita hakuna aliyewahi kutoka kwenye lile kundi. Hata waliokufa bado wamo. Namba ya baba imo. Tangu asubuhi napigiwa. Eddo Rukiyo, dada yake baba, ameuliza kama nimeolewa kwa siri. Nikamweleza simu ilijaa. Akataka kujua kwa nini basi sikumtoa mtu mwingine.

Jioni Hooyo aliomba simu. Nikamwambia video zimekwisha. Hakuuliza kitu. Alikaa tu, mikono mitupu. Hilo limeniuma kuliko maneno ya wote.

Jumapili, 14 Septemba

Adeer amepiga mwenyewe. Anataka nirudi kundini, niombe radhi kwa sauti yangu, na Masalani nisiende. Nikamjibu kwa adabu zote, "Adeer, nitarudi siku utakayosema humo humo kwamba kazi yangu ni ya halali. Masalani naenda."

Akasema kesho baada ya alfajiri atakuja na wazee. Wazee, kwa ajili ya simu! Waje. Begi nimeshafunga, na buti ziko mlangoni.

Ikran, binamu yangu wa Balambala, naye ametoka kundini leo. Sikumwomba. Nimefurahi sana.

Jumatatu, 15 Septemba

Saa kumi na mbili na robo. Niko jikoni, nyuma ya pazia, chai iko motoni inachemka. Wazee wawili mkekani, Adeer katikati. Wameapa hawagusi chai mpaka nirudi kundini na nikubali kubaki. Nimekataa mara mbili. Mmoja ameniita mkaidi. Sawa, mkaidi.

Gari la Mursal limefika. Linapiga honi.

Hooyo ameketi nao, kando ya mlango. Sasa hivi amesema, na hakupandisha sauti: "Kulow, ile sauti uliyotuma Alhamisi. Mtaa mzima umeisikia, mimi bado. Iweke hapa, wazee pia wasikie."

Alijua. Siku nne zote alijua, akanyamaza!

Adeer amesema hakuna haja. Hooyo amesema haja ipo. Mzee wa kulia amemgeukia Adeer, anamuuliza ni sauti gani.

Honi tena. Begi liko begani. Adeer ametoa simu, ameishika kwa mikono miwili. Hajabonyeza. Wote wanamtazama yeye, na mimi navaa buti nitoke; Masalani naenda.