Ubongo wa Kaka Ok Unaonekana Kijana Mno

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Sokcho. Upepo. Kaka Ok amekuja kunichorea tena ramani ya Hamhung, mji wetu wa kaskazini tulioukimbia vitani nikiwa na miaka saba. Yeye, wa miaka kumi na sita, alinibeba mgongoni hadi melini. Leo kachora mto bila daraja. Anaburuta miguu. Wiki tatu sasa, tangu ajigonge kichwa kwenye boriti ya ghala la ngisi. Binti yake amempeleka hospitali, akapigwa picha ya kichwa. Jibu: kawaida kwa umri wake. Kawaida! Mwezi uliopita alikuwa akijua kila uchochoro.

Jumatano, 12 Novemba
Binti yake ameleta diski ya picha za CT. Mjukuu wangu Bit-na, daktari wa mwaka wa kwanza hospitali hiyohiyo, yuko mapumzikoni kwangu. Nilipiga picha za vichwa hospitalini miaka thelathini, basi nikajifanya mwalimu. Kwenye picha, damu mpya ni nyeupe. Penye kiharusi huwa peusi, ila saa za kwanza huenda pasionekane. Linganisha kulia na kushoto. Tukalinganisha — sawasawa. Nikasema picha safi. Bit-na akanitania kwamba naharakisha niwahi supu.

Alhamisi, 13 Novemba
Bit-na ameamka na picha ileile. Ubongo wa miaka tisini na moja hunywea, anasema, mifereji yake ikatanuka hadi karibu na fuvu. Hii imebanwa, imeishia njiani.
“Babu, ubongo huu ni kijana mno.”
Nikavaa miwani. Kweli — chini ya fuvu, pande zote mbili, tabaka la kijivu. Damu ya wiki tatu, weupe umekwisha, rangi moja na ubongo. Kulinganisha kwangu ndiko kulikotudanganya! Damu hiyo hutolewa kwa tundu dogo kwenye fuvu, na mtu akarudiwa na akili zake. Ikiachwa, itamuua.
Lakini aliyesaini jibu ni Daktari Pyo, mkubwa wake. Wa mwaka wa kwanza hamsahihishi mkubwa. Nikasema nitampigia simu mimi.
“Utamfokea, Babu. Lete simu.”
Naandika huku nikisikiliza, spika imewashwa. Amesimama wima, anainama kana kwamba anaonekana. Ameomba radhi mara tatu. Ameulizwa ana miezi mingapi kazini.
“Tisa, Mkubwa. Naomba utazame picha ya kumi na nane.”
Mbofyo wa kompyuta, upande wa pili. Mwingine. Daktari Pyo anarudi nyuma, anatazama upya.
Sasa anauliza mgonjwa amekula saa ngapi mara ya mwisho. Swali hilo nalijua — huulizwa kabla ya upasuaji. Bit-na ananitazama, nami sijui; naacha kalamu hapa, navaa viatu nikamuulize binti yake.