Chumba cha Watoto Kimefunguliwa

Nyumba ya Haji Mofiz, chumba cha mwisho,
Jamgora, Ashulia,
Dhaka.
14 Machi 2019

Mpendwa dada Hasna,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa. Magoti ya mama je? Na yule ng'ombe, ameshazaa? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baba Moyna bado anaendesha riksho yake, amekonda kidogo lakini anakula.

Hali ya mwanangu Moyna sijaiuliza, maana nikianza na yeye sitaandika jingine.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu unampa Moyna aongee nami, naye anakugeukia wewe, "Mama, ni yule mwanamke tena," basi maneno yote yananikauka. Hili nataka ulisome peke yako, polepole.

Dada, kiwandani kwetu kuna chumba cha watoto, kando ya mstari wetu wa mashine. Sikuwahi kukwambia kwa sababu hakikuwa cha watoto kweli. Kina rangi ya njano, vitanda vidogo, wanasesere, na kufuli kubwa mlangoni. Kilikuwa kinafunguliwa siku wanapokuja wageni wa wanunuzi, wale wazungu wanaouza kwao mashati tunayoshona, kutazama tunavyofanyishwa kazi. Siku hiyo sabuni huonekana chooni, mlango wa dharura hutolewa mnyororo, na msimamizi wetu, bwana Mintu, hutuita "mama zangu" badala ya yale anayotuita siku zote.

Watoto nao waliazimwa. Mwezi uliopita bwana Mintu alipita kwenye mashine akichagua. Akamchukua Rasel, mtoto wa Kohinur, huyu niliyekuwa nashona naye bega kwa bega, kwa kuwa ana mashavu, na bibi yake anakaa naye hapa hapa nyuma ya kiwanda. Nikamwambia wangu ni mzuri kuliko huyo. Akacheka, akaniuliza kama nitamleta kwa posta.

Siku ya wageni nilishona kola kinyume mpaka nikaona aibu. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Kohinur, amepewa ruhusa saa ya chakula, anamlisha mwanawe wali wa dengu, anamfuta kamasi kwa upindo wa mtandio, na mtoto kamng'ang'ania shingoni. Mimi nimemfuta Moyna kamasi mara ngapi? Nikaomba moyoni kile chakula kimwagike. Mungu anisamehe.

Mgeni mmoja, mama mfupi hivi, aliingia mle akampa Rasel mpira. Rasel akaficha mikono nyuma. Mkalimani akamuuliza mbona hachezi. Akajibu kwa sauti, mstari mzima tukasikia, "Bwana Mintu kasema tusiguse, vinarudi kabatini." Hakuna aliyethubutu kucheka. Bwana Mintu akasema mtoto ana homa.

Yule mama akatoka, akaanza kutuuliza sisi wenye watoto. Tulikuwa tumefundishwa: kila mmoja aseme wangu hushinda humu kila siku, leo tu amebaki nyumbani. Nilikuwa nimeyakariri vizuri. Lakini Kohinur, aliyekwisha kurudi kwenye mashine, alikuwa anamchungulia mwanawe kwenye kioo, anatabasamu peke yake, na mkalimani aliponiuliza wangu yuko wapi, nikajikuta nimesema, "Wangu yuko kwetu Kurigram. Anamwita dada yangu mama."

Hivyo tu, dada.

Kesho yake bwana Mintu aliniondoa kwenye kola, akanipeleka kukata nyuzi pamoja na mabinti wanaoanza kazi. Ndipo nilipo mpaka leo. Kohinur naye alininunia, akidhani nimemharibia mwanawe nafasi ya kuingia chumbani. Baadaye tukasikia wanunuzi wamesema chumba kiwe wazi kila siku, la sivyo hawaleti oda nyingine, na watarudi bila kutoa taarifa. Na kweli kimefunguliwa. Wameajiri mama mtu mzima wa kuwaangalia, vitu vya kuchezea vimetolewa kwenye nailoni, na Rasel keshavunja gari moja.

Wenzangu wananisifu ujasiri. Kohinur ndiye asiyedanganyika. Jana aliniletea kipande cha boga la kukaanga akaniambia, "Ujasiri gani, shoga yangu? Wivu tu ule." Nikala boga lake.

Jina la Moyna nimeshaliandikisha. Wanamshikia nafasi mpaka Ramadhani ianze, baada ya hapo anapewa mwingine.

Dada, Mungu hajakujaalia mtoto, na nilipokuachia Moyna baada ya kumwachisha ziwa, niliona wewe unanisaidia nami nimekupa wa kukuchangamsha, tumekuwa sawa. Si sawa. Wewe ndiye unayejua jino gani lilitangulia kuota na akilala anageukia upande gani. Idi iliyopita alijificha kwenye sari yako akaniita mama mdogo. Nilicheka mbele ya watu, kisha nikaenda kusimama nyuma ya zizi. Nakuonea wivu kuliko nilivyomwonea Kohinur, na wewe ndiye uliyemlea mpaka akanenepa.

Namtaka mwanangu. Sijui kama chumba kitabaki wazi mwaka mzima, bwana Mintu bado anatembea na ufunguo mfukoni. Hata hivyo nataka nijaribu. Najua nyumba yako itapoa, na sijui nikuambie nini kuhusu hilo. Mlete mwenyewe kwa basi, usimtume na mtu. Kaa nasi mpaka anizoee. Njiani usimfundishe kuniita mama, mwache. Ukifika, mweke mikononi mwangu kwa mkono wako, asije akadhani nimemnyang'anya kwako.

Nisalimie mama, shemeji Tofazzal na shangazi Sokhina. Mungu akulipe kwa kila homa uliyomkandia, maana mimi sina cha kukulipa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata nikinuna,
Jorina