Kaka Yako Unayemsikia kwenye Simu

Robinvale, Victoria,
Australia.
Jumanne, 9 Julai 2019

Mpendwa wifi yangu Lesieli,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi ya huku. Natumaini goti lako limetulia na sasa unapanda kilima cha kanisa bila kushika mkono wa mtu. Wajukuu hawajambo? Na paa la jiko, mafundi wamelimaliza au bado mnapikia barazani? Mimi afya yangu si mbaya, presha imekaa sawa. Binti yetu Fusi na mumewe wanafanya kazi. Mizabibu imepukutisha majani yote, na watu wetu wako mashambani tangu asubuhi wakikata matawi, vidole vimekufa ganzi.

Utashangaa kupata barua siku hizi ambapo kila mtu anapiga simu. Naandika nikiwa maktaba ya mji, kwenye meza iliyo karibu na hita. Nyumbani siwezi kuandika, na kwenye simu siwezi kusema, kwa sababu kaka yako Saia haachi simu itoke mkononi mwake. Barua hii atakukabidhi mke wa mchungaji wetu, anayekuja huko kwenu Vava'u kwa mazishi ya mama yake. Hajui kilichomo.

Wifi, namwogopa mume wangu.

Kiharusi kilipompata mwezi Februari, katikati ya mavuno, wote tulimlilia Mungu aturudishie mguu wake, mkono wake na ulimi wake. Vyote vilirudi. Tulichinja nguruwe, tukaimba mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna kitu kingine kinachoweza kuondoka, na mtu akabaki anatembea na kula kama kawaida.

Unamjua kaka yako alivyokuwa. Miaka yote tuliyoishi huku hakuwahi kuninyanyulia sauti. Alizoea kuniita Mwalimu, ingawa ualimu niliuacha siku nilipopanda ndege, na nikikaa kusoma jioni alikuwa anazima redio bila kuombwa. Sasa ananiita kikongwe. Vitabu vyangu amevitupa nje kwenye mvua, akasema vinanuka kama mimi. Mjukuu wetu Hiva alianguka ngazini mbele yake, damu inamtoka mdomoni, akamtazama tu huku anaendelea kutafuna.

Kisha ikaja ile Jumapili. Tulikuwa mezani baada ya ibada, na kaka yangu Sateki alikuwepo. Nilikuwa nimepika majani ya magimbi kwa tui na nyama ya kopo, chakula anachokipenda mume wangu. Saia akaanza kusimulia mambo yangu ya chumbani. Ya kwangu mimi, wifi, mbele ya kaka yangu, kwa maneno ambayo hata walevi wa huku huyanong'ona. Sateki na mimi tumekua hatutazami hata televisheni chumba kimoja, isije ikatokea picha ya aibu tukiwa pamoja. Mkwe wetu Darren, mtu wa huku, alicheka, kisha akaziona nyuso zetu, kicheko kikamkauka. Sateki aliweka kijiko chini taratibu, akamshukuru Mungu kwa chakula ambacho hakukimaliza, akatoka.

Hajarudi tena. Anatuma viazi vikuu kwa mkono wa mtu mwingine, vinaachwa getini. Simlaumu, angewezaje kunitazama? Lakini ujue kwamba mtu ambaye angesimama kati yangu na Saia ndiye huyo, na sasa hawezi kuvuka kizingiti changu.

Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Alinichorea kichwa cha mtu kwenye karatasi, akatia kivuli upande wa mbele. Akasema damu ilikosekana pale, na pale ndipo mtu anapojizuia. Gari ni lile lile, mama, akaniambia, injini nzima, taa zinawaka, ila breki hazishiki. Nilimwuliza zitarudi lini. Akaikunja ile karatasi akanipa, nikaelewa.

Sasa nikwambie jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Unapopiga simu Alhamisi jioni, Saia hubadilika. Akiona jina lako anavaa shati, anafunga vifungo mpaka shingoni, anakaa wima. Anakuamkia vile vile kama zamani, anakuuliza goti, anakutania kuhusu yule jogoo wako anayewika adhuhuri. Mimi husimama ukumbini gizani kumsikiliza, maana ndiyo nafasi pekee niliyobaki nayo ya kumsikia mume wangu. Sijui heshima ya dada imefichwa wapi ndani ya mtu hata kiharusi kisiifikie. Lakini ipo, na wewe unazungumza nayo, ndiyo maana hujui.

Nimesikia ulivyomwambia binamu Kalo: "Melenaite amezeeka vibaya. Kaka yangu mzima kabisa, yeye ndiye aliyemchoka." Sikukasirika, wifi. Ningekuwa wewe, na ninasikia ile sauti kila wiki, ningesema hivyo hivyo.

Alhamisi iliyopita mlicheka sana. Alipokata simu nilimletea chai, nikamwuliza goti lako linaendeleaje. Alivua shati akalikunja vizuri. Kisha akanishika nywele nyuma ya kichwa, akaniinamisha mpaka uso wangu ukawa juu ya kikombe, mvuke unaniingia machoni. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba mkono wake haukutetemeka. Akasema polepole, "Unatusikiliza, eh? Unasikiliza watu wakubwa wakizungumza?" Akanishikilia pale. Halafu akaniachia na kuuliza sukari iko wapi.

Jumapili nilikwenda kanisani na kitambaa kichwani. Siku hizi nalala chumba cha Hiva, kiti kimeegemezwa mlangoni. Namsikia akipita ukumbini, anasimama nje ya mlango.

Fusi aliziona alama za kucha shingoni mwangu. Alilia, kisha akawa mkali kwangu. "Mama, baba hajui anachofanya. Leo ni kikombe. Kesho itakuwa nini, ule mkasi wake wa mizabibu?" Amepata nafasi katika nyumba ya wazee ya mji wa Mildura, ambako wauguzi wameyazoea magonjwa kama haya. Kinachomshinda kuelewa ni kwa nini nimwandikie shangazi yake barua kuhusu jambo la daktari. Amezaliwa huku. Hajui kwamba kwa desturi yetu, katika nyumba ya kaka yako neno lako hutangulia langu, na kwamba nikimtoa Saia nyumbani kwake bila wewe kusema, nitakuwa nimekukanyaga, na ukoo mzima utajua.

Basi nakuomba ruhusa. Simwachi. Nitapanda basi kumlisha na kumkata kucha, nitafua nguo zake mwenyewe, na siku nikifa mtanizika kando yake. Ninachoomba ni kulala bila kusikiliza nyayo.

Na naomba zaidi ya ruhusa. Mwambie wewe. Daktari akimwambia atamtukana, Fusi alijaribu akarushiwa sahani, na mimi sithubutu kulitaja jina la mahali penyewe. Wewe hatakukatalia. Tukisubiri sana, naogopa hata hiyo heshima itaondoka, na tutakuwa hatuna kamba yoyote ya kumshika nayo.

Kama jibu lako ni hapana, mpe mke wa mchungaji ujumbe huo, nami nitaupokea kutoka kwa mkubwa wangu, ingawa sijui nitaishije. Kama ni ndiyo, piga kama kawaida Alhamisi ya kwanza baada ya kupokea barua hii; mke wa mchungaji atamjulisha mumewe siku aliyokukabidhi. Fusi na Darren watakuwa wamekaa naye, gari liko nje, nguo zake zimefungwa. Mimi sitakuwepo, nitakuwa kwa mchungaji.

Nisalimie Kalo, na umwambie sina neno naye. Nisalimie kaka Lopeti na mkewe, na watoto wote wa nyumba ya juu. Mungu aliyetuvusha bahari akufunike wewe na nyumba yako, akulainishie goti, na akupe maneno ya kumwambia ndugu yako.

Nakusihi jambo moja tu. Ukishamwambia, usikate simu. Endelea kuzungumza naye, mtajie jogoo, mtajie mama yenu, chochote, mpaka Fusi aichukue simu na kukuambia kwamba baba yake yuko ndani ya gari. Ile dakika unapoaga ndiyo ninayoiogopa.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukuheshimu,

Melenaite