Mapigo Thelathini na Nane

Jumatatu, 6 Machi 1978. Buganguzi.
Mapigo 70. Nimehesabu dakika kamili kwa saa ya mfukoni, baada ya sala. Wiki ya tatu ya verapamil. Moyo haukimbii tena ovyo. Daktari wa Bukoba aliagiza kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Sijakosa hata kimoja. Nidhamu.

Jumanne, 7 Machi
Ta Bandiho, mzee mwenzangu, amekuja. Tulichanjiana tukiwa vijana, tukala buni yenye damu. Yeye ni omukago wangu, zaidi ya ndugu. Anatumia propranolol kwa shinikizo la damu. Amenigawia nusu ya vidonge vyake. "Changu ni chako. Au siku hizi moyo wako umetaifishwa?" Mtu hakatai mkono wa omukago. Nimemeza.

Alhamisi, 9 Machi
Mapigo 52. Nimefurahi. Dawa mbili, nguvu mara mbili. Koku, binti yangu, ni tabibu wa zahanati tuliyoijenga kwa kujitolea. Sikumwambia. Mambo ya wazee.

Ijumaa, 10 Machi
Mapigo 38. Nilirudia kuhesabu. 38. Kizunguzungu, nilianguka migombani. Naogopa kufa.

Jumamosi, 11 Machi. Bukoba, hospitalini.
Naandika kwa shida. Asubuhi, nyumbani, Koku alinishika mkono, akauliza nimemeza nini. Dawa, nikasema. "Ya nani, Tata?" Nilitupia jicho kabati, kama mtoro. Akafungua kabati mwenyewe.
Alinieleza tukingoja lori la kijiji. Umeme wa moyo huanzia juu, hushuka hadi kituo cha katikati, hukawia kidogo, kisha huingia vyumba vya chini navyo hupiga. Kituo hicho hutegemea kalsiamu. Verapamil hubana milango ya kalsiamu, umeme hukawia zaidi. Ndivyo mbio zilivyotulizwa. Propranolol nayo huuchelewesha kituoni hapohapo, kwa njia nyingine. Zikikutana, umeme hukwama.
Bandiho alikuja mbio, akalia: "Nimemuua omukago wangu!" Koku akamwambia kwa heshima, "Bado, waitu. Panda lori, umshike asianguke."

Jumapili, 12 Machi
Nilichomwa sindano. Dawa zote mbili zimesimamishwa. Karatasi ya umeme wa moyo ilionyesha alichokisema Koku: mapigo ya juu mengine hayafiki chini. Daktari alisoma barua ya rufaa aliyoiandika Koku mbele ya wauguzi wote, akasema hana la kuongeza. Ukoo wangu ulipinga msichana kusomeshwa. Nilimsomesha. Najivunia, wala siombi radhi.
Kosa ni langu. Si la Bandiho, si la daktari.

Jumatano, 15 Machi
Mapigo 64. Mvua tangu alfajiri. Dawa mpya haijaamuliwa, nitangoja.
Miaka thelathini wanafunzi walisimama nilipoingia darasani. Leo Koku ameingia wodini, viatu vimejaa tope la Buganguzi. Nilishika ukingo wa kitanda, nikasimama.