Kuvu ya Mutwanga ilipogeuka nyekundu

Kambale, mujukuu wangu,

Huku Butembo tuko wazima. Mama yako anavuna maharagi, na mvua inashuka polepole kama usingizi. Unasema kuvu unayoichunguza huko labo iko na jeni za kutengeneza rangi na sumu, lakini inanyamaza tu, haitoi kitu, na unataka kuitupa.

Wakati wa vita tulikimbilia Mutwanga. Tangu tutoke nyumbani, mama yangu hakusema neno. Mwenye nyumba tulimofikia alitupatia mihogo, tukaifunika majani ili iote kuvu kabla ya kuianika, kama kawaida yetu. Kuvu ikaja nyeupe, laini kama wingu. Lakini pale ilipogusa udongo, penye vidudu visivyoonekana, kuvu ile ile ikageuka nyekundu. Nikabaki naiangalia kama mutu anayeota.

Mama yako, wakati ule mutoto mudogo mwenye njaa, akanyoosha mukono.

«Hapana gusa!» mama yangu akapaza sauti.

Tukageuka sote. Akamushika mutoto kifuani, akaanza kuongea, akaongea mpaka jua likazama.

Donc basi usiitupe. Iweke pamoja na vidudu vya udongo, kisha ungoje. Labda peke yake haijaona sababu ya kusema.

Mungu akutembeze vizuri huko.

Koko wako, Masika