Sinia la Shaba na Intaneti

Bibi,

Ukiamka, lile sinia la shaba usilirudishe mbele ya kisanduku cha intaneti. Najua unakificha ili wageni wa kahawa wasikione, lakini shaba inazuia mtandao. Nimeizima laptopu na kuiwasha hadi nimechoka, kumbe ni sinia lako la harusi. Nilipoliondoa tu, mambo yakaenda mbio.

Leo asubuhi, kwenye somo la mtandaoni, nilimsomea mwalimu shairi langu lote, naye hakusikia kitu. Akaniambia, "Wassila, haya zako hizi mpaka lini?" Na leo ndiyo nilikuwa nimepaza sauti.

~~Sinia lipeleke stoo.~~ Sinia nimeliegemeza juu ya kabati, ling'ae huko.

Kesho ananisikiliza tena. Kaa karibu yangu. Nikinyamaza safari hii, ni woga kweli, nifinye.

Mjukuu wako